Chungwa la Kapteni na Samaki wa Ijumaa

BIBI VERNA: Haloo! Nani huyo anayewapigia watu simu Ijumaa jioni, saa ya samaki?

CORBIN: Mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI VERNA: Mimi ndiye nani? Akina mimi ni wengi Wisconsin hii.

CORBIN: Corbin, Bibi. Mjukuu wako.

BIBI VERNA: Marahaba, mume wangu! Mbona sauti imekonda hivyo? Umekula?

CORBIN: Nimekula. Nimekula kupita kiasi. Sikiliza, Bibi, nimetoka kuangalia—

[simu inakwaruza]

BIBI VERNA: Unaongea ukiwa ndani ya pipa?

CORBIN: Ndani ya pikapu. Niko nje ya hoteli ya Zastrow, kwenye maegesho. Mtandao wa hapa ni wa kuokoteza.

BIBI VERNA: Kwa Zastrow! Ijumaa! Watu wamepanga foleni mpaka barabarani wapate samaki, na wewe umejifungia kwenye pikapu unaongea na kizee?

CORBIN: Nilitaka nikupe habari ya filamu.

BIBI VERNA: Filamu.

CORBIN: "Chungwa la Kapteni." Bibi, haijatengenezwa filamu ya vita kama hii. Leo nimeiona mara ya nne. Nimeipa nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

BIBI VERNA: Vita ipi hiyo?

CORBIN: Haisemwi. Ndio uzuri wake.

BIBI VERNA: Haya.

CORBIN: Makapteni wawili, maadui, wanakutana kwenye mkahawa wa stesheni ya treni. Mmoja kavaa koti la kijivu, ndani lina bitana nyekundu. Anaketi. Anavua glavu, kidole kimoja kimoja. Anachukua chungwa, anatoa kisu, anaanza kumenya.

BIBI VERNA: Halafu?

CORBIN: Anamenya.

BIBI VERNA: Halafu wanapigana.

CORBIN: Halafu wanaongea.

BIBI VERNA: Habari za vita.

CORBIN: Habari za viatu.

BIBI VERNA: Na risasi je?

CORBIN: Moja tu. Mwishoni kabisa.

BIBI VERNA: Watu wamelipia vita nzima wakapewa risasi moja! Na hawakudai chao?

CORBIN: Bibi, huelewi. Wakitaja viatu wanamaanisha kifo. Wakitaja mama zao wanamaanisha daraja. Yale yasiyosemwa ndiyo yanayosemwa!

BIBI VERNA: Babu yako, Mungu amrehemu, alinipa hayo bure miaka arobaini. Sikujua ni sanaa. Ningejua ningewakatia watu tiketi waje wamwangalie sebuleni.

CORBIN: Babu hakuwa na koti lenye bitana.

BIBI VERNA: Alikuwa na ovaroli. Kitendawili!

CORBIN: Bibi, sio sasa—

BIBI VERNA: Kitendawili!

CORBIN: ...Tega.

BIBI VERNA: Nimelipa nikaingia gizani, nikalishwa chumvi, nikatoka na kiu.

CORBIN: Sinema.

BIBI VERNA: Ehee, umepata. Sasa kingine. Mwanamume kaacha samaki wa moto mezani, kajikunja peke yake kwenye pikapu baridi.

[vidole vinagonga usukani]

BIBI VERNA: Nipe jibu, au nipe mji.

CORBIN: Nakupa mji. Nakupa Milwaukee.

BIBI VERNA: Milwaukee alishanipa dada yako, sina pa kuiweka. Nipe jibu, Corbin.

CORBIN: [anashusha pumzi] Niko na akina Janelle, Bibi. Yeye, shangazi yake, na Mzee Norbert.

BIBI VERNA: Norbert Vandehey? Baba yake?

CORBIN: Huyo huyo. Na nina pete mfukoni.

BIBI VERNA: Ngoja. Ngoja nikae. [kiti kinaburutwa] Pete ya kidole?

CORBIN: Kwani kuna pete ya nini nyingine, Bibi! Nimekuja kumwomba mzee binti yake. Dada zake wote wawili baba aliombwa kwanza. Kwao ukiruka hapo umekwisha, utakuwa mkwe wa kuketishwa karibu na mlango mpaka unakufa. Na leo nimeharibu. Nimeharibu kila kitu. Hawezi kunipa tena.

BIBI VERNA: Taratibu. Umeharibu wapi? Anzia mwanzo, na usinianzie na bitana.

CORBIN: Nilipanga vizuri. Kwanza filamu, ile ya saa saba mchana, ili mzee ajue mimi ni mtu wa fikra. Si alikwenda vitani ujana wake? Nikasema basi, nimpeleke kwenye filamu ya vita. Halafu samaki. Halafu nimwombe.

BIBI VERNA: Ulimpeleka Norbert kwenye filamu ya maongezi.

CORBIN: Ndiyo.

BIBI VERNA: Maongezi matupu.

CORBIN: Mbona unarudia rudia?

BIBI VERNA: Hapana, hapana. Kahawa yangu inachemka. Endelea.

CORBIN: Na Bibi, huwezi kuamini, alikuwa mtazamaji kuliko watazamaji wote! Watu wengine walikuwa wanakohoa, wanatafuna bisi, wanatoka kwenda msalani. Yeye macho mbele. Kuna mahali Kapteni anaeleza jinsi mama yake alivyokufa, ukumbi mzima unafuta machozi. Mzee Norbert akatabasamu.

BIBI VERNA: Akatabasamu.

CORBIN: Kidogo, hivi. Mwili ukanisisimka. Nikajua ameona kichekesho kilichofichwa chini ya msiba. Mimi mwenyewe nilikiona nilipoitazama mara ya tatu! Na ile risasi ya mwisho, Bibi, inalia ghafla kama ngurumo. Shangazi aliruka mpaka mkoba ukamwagika. Mzee hakupepesa hata kope. Nikasema, huyu ni askari kweli.

BIBI VERNA: Mmh.

CORBIN: Tukapanda pikapu kuja huku. Nikamchambulia. Nikamweleza habari ya mwanga, nikamweleza ganda la chungwa linavyoning'inia kama barabara ya jeshi linalorudi nyuma—

BIBI VERNA: Akasemaje?

CORBIN: Akaitikia kwa kichwa. Njia nzima! Hakunikatiza hata mara moja. Janelle hunikatiza nikifika kwenye mwanga. Wewe umenikatiza kwenye viatu. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna ile.

BIBI VERNA: Alikaa upande gani?

CORBIN: Upande gani wa nini?

BIBI VERNA: Wako. Kulia kwako au kushoto?

CORBIN: Mimi naendesha, yeye yuko kulia kwangu. Kwani vipi?

BIBI VERNA: Na kule sinema?

CORBIN: Kulia. Na mezani kulia. Bibi, hii ni nini, polisi?

BIBI VERNA: Nauliza tu, mume wangu. Haya, mezani.

CORBIN: Basi tukaketi. Watu wazima wakaletewa brandi, samaki wakaja, chapati za viazi, mkate mweusi, kabichi ya siki. Nikasubiri shangazi na Janelle washikwe na maneno yao ya harusi ya jirani. Nikamwinamia mzee. Nikashusha sauti, kama Kapteni—

BIBI VERNA: Ukashusha sauti!

CORBIN: Ndiyo, Kapteni hapigi kelele hata siku moja, ndipo anapotisha. Nikamwambia: "Mzee Norbert. Katika kila shamba kuna mti mmoja ambao mwenye shamba hauuzi. Mgeni hupita njiani, huutazama, huvua kofia. Je, mgeni huyo aendelee kusimama barabarani?"

[Simu inakwaruza.]

CORBIN: Bibi? Haloo?

BIBI VERNA: Nipo. Natafuta mahali pa kuuweka huo mti. Akakujibu nini?

CORBIN: Alinitazama machoni. Akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akanisogezea bakuli la kabichi.

BIBI VERNA: La kabichi.

CORBIN: Kabichi baridi, Bibi! Ya siki! Inamaanisha nini?

BIBI VERNA: Alidhani unataka kabichi.

CORBIN: Haiwezekani. Mtu mwenye kina kama kile! Kwenye filamu, adui akisogeza kisahani cha chumvi, maana yake daraja limeshalipuliwa—

BIBI VERNA: Corbin. Kabichi ni kabichi.

CORBIN: Nimekataliwa kwa kabichi, Bibi, mbele ya watu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye. Ndipo nikapoteza akili. Ndipo nikafanya lile la samaki.

BIBI VERNA: Lipi la samaki?

CORBIN: Sahani kubwa ya katikati. Kilibaki kipande cha mwisho.

BIBI VERNA: Usiniambie.

CORBIN: Shangazi alishakikata nusu. Janelle akakata nusu ya ile nusu. Kila mtu anasema kula wewe, mimi nimeshiba, hapana kula wewe. Unajua yanavyokuwa.

BIBI VERNA: Najua. Halafu mhudumu anaondoa sahani na kimkia kimebaki, watu wanaenda nyumbani na njaa na heshima zao.

CORBIN: Nikakichukua.

BIBI VERNA: Nusu yake.

CORBIN: Chote. Vipande vyote vya hicho kipande. Kwa vidole. Nikala polepole, namtazama mzee machoni, kama Kapteni anavyokula lile pande la mwisho la chungwa.

BIBI VERNA: Yesu na Maria! Mbele ya shangazi wa mtu?

CORBIN: Shangazi aliweka uma chini.

BIBI VERNA: Babu yako amezikwa hajawahi kula kipande cha mwisho! Katika ukoo huu! Kwenye arusi yetu kilibaki kipande cha keki, kikalala pale mpaka mbwa wa kasisi akakionea huruma!

CORBIN: Unanimaliza, Bibi.

BIBI VERNA: Na Norbert?

CORBIN: Alikunja kitambaa chake cha mezani. Akakiweka. Akainuka, akaondoka bila neno. Janelle akanipiga teke chini ya meza, nikasema nakwenda kumpigia Bibi, nikatokea mlango wa nyuma. Sasa ndio niko hapa. Nafikiri niwashe gari niende zangu.

BIBI VERNA: Wao warudi na nini? Si umewaleta na pikapu hiyo hiyo?

CORBIN: ...Kweli.

BIBI VERNA: Haya, Kapteni. Kitendawili!

CORBIN: Bibi, nakuomba, moyo unaniuma—

BIBI VERNA: Kitendawili, nimesema!

CORBIN: Tega basi.

BIBI VERNA: Nyumba mbili jirani, milango wazi usiku na mchana. Vita ikapita, ikabeba wenyeji, ikaacha milango.

[Honi inalia kwa mbali.]

CORBIN: Stesheni. Ile stesheni ya kwenye filamu.

BIBI VERNA: Sio.

CORBIN: Ni nafsi za wale makapteni wawili, ambao kwa hakika ni mtu mmoja.

BIBI VERNA: Toka huko sinema, wewe! Ziko karibu zaidi. Ukivaa miwani inaegemea hapo.

CORBIN: Pua.

BIBI VERNA: Nyumba mbili, Corbin! Una pua ngapi?

CORBIN: Nimeshindwa. Nakupa Chicago. Chukua Chicago nzima.

BIBI VERNA: Sitaki Chicago, hakuna pa kuegesha. Masikio, mwanangu. Masikio.

CORBIN: Masikio ya nani?

BIBI VERNA: Ndio hivyo.

CORBIN: Masikio ya... Hapana.

BIBI VERNA: Ndiyo.

CORBIN: Mzee Norbert hasikii?

BIBI VERNA: La kushoto ni pambo, kama kitasa kwenye ukuta. La kulia lina uhai kidogo, ukiliamsha.

CORBIN: Kwa nini usiniambie wazi kama mtu? Unanitegea kitendawili!

BIBI VERNA: Kwetu hapa jambo kama hilo halisemwi. Na wewe si mpenzi wa yasiyosemwa? Nimekupa moja, ukanirushia Chicago.

CORBIN: Janelle hakuniambia!

BIBI VERNA: Alidhani unajua. Mji mzima unajua.

CORBIN: Mji mzima haujaniambia!

BIBI VERNA: Mji mzima una adabu.

CORBIN: Nimekula mezani kwake mwaka mzima, Bibi! Mwaka mzima naongea naye!

BIBI VERNA: Na mwaka mzima umefurahi kwamba umepata mtu wa kukusikiliza.

[upepo unapiga pikapu]

BIBI VERNA: Corbin? Umekatika?

CORBIN: Sijakatika. Nimekaa tu.

BIBI VERNA: Nilikuwa namfahamu mama yake. Tulikuwa tukipika wote chini ya kanisa. Norbert aliondoka na miaka kumi na tisa, akawekwa kwenye mizinga, kazi yake kupakia makombora. Aliporudi, mama yake akamwita kutoka zizini, asigeuke. Akamwita tena, asigeuke. Mama akadhani mwana amerudi na kiburi cha kuvuka bahari. Akamnunia, hata chakula akawa anakitua mezani kwa kishindo. Mpaka siku moja akamkuta uani anamwangalia mbwa wao akibweka, mbwa anabweka kwa nguvu zote, na Norbert anamwangalia kama mtu anayemwangalia mbwa akipiga miayo.

CORBIN: [kwa sauti ndogo] Ndio maana ile risasi...

BIBI VERNA: Ndio maana.

CORBIN: Na mimi nikamweleza njia nzima jinsi ukimya ulivyo mtamu vitani.

BIBI VERNA: Hakusikia. Mshukuru Mungu kwa hilo.

CORBIN: Hana vile vifaa vya kuvaa sikioni?

BIBI VERNA: Anavyo. Viko kwenye droo, na soksi. Anasema vinampigia filimbi.

CORBIN: Kwa hiyo ile filamu yote hakupata hata neno moja.

BIBI VERNA: Alimwona mtu anamenya chungwa.

CORBIN: Saa mbili na nusu, Bibi!

BIBI VERNA: Saa mbili na nusu mzee wa watu amekaa kwenye giza anamwangalia mtu anamenya chungwa. Hajalala. Hajatoka. Na alipoona unageuka kumtazama, akatabasamu, kwa sababu wewe ndiye uliyemwalika. Sasa huyo niambie amekukataa wapi?

CORBIN: Kwenye kabichi?

BIBI VERNA: Rudi ndani, mpumbavu wewe! Rudi ukamwombe upande wa kulia, na—

CORBIN: Bibi. Bibi, nyamaza. Anakuja.

BIBI VERNA: Nani?

CORBIN: Yeye. Ametokea mlango wa mbele, anatazama magari. Ameniona. Anakuja huku, ameshika kitu... amekunja kitu mkononi.

BIBI VERNA: Nini?

CORBIN: Koti langu. Nilitoka bila koti.

BIBI VERNA: Mfungulie mlango!

[mlango unafunguka. Upepo. Mlango unabamizwa.]

CORBIN: Ameingia. Ameketi. Amenipa koti.

BIBI VERNA: Mshukuru!

CORBIN: Asante, mzee. ...Ameitikia kwa kichwa.

BIBI VERNA: Kwa sauti!

CORBIN: ASANTE, MZEE! ...Ameitikia vilevile.

BIBI VERNA: Sikio la kulia, nimekwambia!

CORBIN: La kulia liko dirishani, Bibi! Mimi niko huku kwenye usukani!

BIBI VERNA: Basi zunguka!

CORBIN: Nje theluji itanifika kwenye kifundo cha mguu.

BIBI VERNA: Unataka mke au unataka soksi kavu? Zunguka, Corbin!

[mlango. Hatua kwenye theluji. Simu inakwaruza.]

CORBIN: Nimefika upande wake. Ananishangaa. Namwonyesha ashushe kioo... anazungusha... kimekwama katikati. Bibi, foleni yote inanitazama. Yuko mwalimu wangu wa hesabu. Yuko yule mama wa posta.

BIBI VERNA: Vizuri, mashahidi. Sema.

CORBIN: Nianze na—

BIBI VERNA: Usianze na mti wowote! Sema lile lenyewe, lilivyo.

CORBIN: [anakohoa] MZEE NORBERT!

BIBI VERNA: Juu zaidi!

CORBIN: MZEE NORBERT! NATAKA KUMWOA JANELLE! NAOMBA RUHUSA YAKO!

[Upepo. Mahali fulani mtu anapiga mluzi.]

BIBI VERNA: Haloo? Amesemaje?

CORBIN: Bado. Anapangusa kioo kwa mkono wa sweta.

BIBI VERNA: Mwombe radhi ya samaki pia, maadam umeshapanda mlima.

CORBIN: NA UNISAMEHE KWA KILE KIPANDE CHA SAMAKI! ...Anasema samaki gani.

BIBI VERNA: Samaki gani?

CORBIN: Anasema hakuona samaki yeyote, yeye alikuwa anawaza msala tu, ndipo akainuka. Bibi, alikuwa anakwenda msalani.

BIBI VERNA: Nyota ngapi hapo?

CORBIN: Usinicheke. Ngoja, anaongea. Ndiyo, mzee... NDIYO, MZEE! Anauliza kama hilo ndilo nililokuwa namwambia tangu mchana.

BIBI VERNA: Mwambie ndiyo.

CORBIN: Lakini nilikuwa namweleza habari ya mwanga na—

BIBI VERNA: Mwambie ndiyo!

CORBIN: NDIYO, MZEE! HILO HILO! ...Anasema kama ndivyo, nilikuwa na maneno mengi mno.

BIBI VERNA: [anacheka] Mwulize basi na filamu aliionaje.

CORBIN: FILAMU, MZEE! ULIIONAJE? ...Anasema yule bwana alikuwa na kisu kizuri.

BIBI VERNA: Huo ndio uchambuzi! Uandike hivyo hivyo.

CORBIN: Na ruhusa, Bibi? Mbona hajibu habari ya ruhusa? Anagonga gonga ukingo wa kioo. Anasema mpira wa dirisha hili umekufa, unaingiza baridi. Anasema nimletee pikapu Jumapili baada ya misa, ana mpira mwingine ghalani, tutabadilisha yeye na mimi. Bibi, hiyo ni ndiyo au ni hapana?

BIBI VERNA: Corbin, mjukuu wangu. Katika kaunti hii mwanamume hatengenezi dirisha la mtu asiyetaka kumwona tena.

CORBIN: Kweli?

BIBI VERNA: Babu yako alimtengenezea baba yako bomba la moshi la gari, siku alipokuja kumposa mama yako. Hakuna neno jingine lililosemwa, na wewe ukazaliwa.

CORBIN: [sauti inakatika kidogo] Amenishika bega. Bibi, amenishika bega kupitia dirishani.

BIBI VERNA: Basi usilie hapo nje, machozi yatagandia usoni.

[makofi, vifijo, mtu anapiga honi]

BIBI VERNA: Kelele gani hizo?

CORBIN: Foleni. Wanapiga makofi. Mwalimu wa hesabu amevua kofia. Hata mzee ameisikia hiyo, anawapungia mkono... Mungu wangu.

BIBI VERNA: Nini tena?

CORBIN: Janelle. Amesimama mlangoni.

BIBI VERNA: Amesikia?

CORBIN: Bibi, amesikia mpaka aliyeko jikoni. Mpishi ametoka na mwiko.

BIBI VERNA: Vizuri, sasa mambo yote—

CORBIN: Ameshika kiuno.

BIBI VERNA: Ameshika kiuno kwa nini? Corbin? Yeye mwenyewe ulimwuliza lini?

[Simu inakwaruza.]

BIBI VERNA: Corbin Pankratz!

CORBIN: Nilikuwa nimepanga nimwulize baadaye, Bibi. Kwa utulivu. Kwa namna ya—

BIBI VERNA: Umemwuliza baba, umemwuliza mwalimu wa hesabu, umemwuliza mama wa posta, bado mwenye mkono wa kuvaa pete!

CORBIN: Anakuja. Anakata theluji kama gari la halmashauri la kuiondoa barabarani. Bibi, simu inakaribia kuzima, chaji imebaki kidogo—

BIBI VERNA: Usikate! Iweke juu ya boneti nisikilize!

CORBIN: Bibi, hili ni la watu wawili.

BIBI VERNA: Maegesho yote yanakutazama, la watu wawili liko wapi! Uso wake ukoje?

CORBIN: Sijui. Sitaki kuusoma. Leo nimesoma nyuso vya kutosha. Nitamwuliza tu.

BIBI VERNA: Haya. Sasa umekua. Kata basi, mume wangu, kata. Lakini useme kwa sauti. Mimi huku nafungua dirisha la jikoni.

CORBIN: Bibi, uko mbali, ng'ambo ya ziwa!

BIBI VERNA: Ndio maana nimesema kwa sauti. Haya, amefika?

CORBIN: Amefika. Kwaheri, Bibi. Janelle—

[simu inazima]